Madaftari Yaliyolowa

Kila Jumamosi, Felista akishafua sare zake na kuwapa kuku maji, alipanda barabara yenye mashimo hadi Nyumba ya Kumbukumbu ya Oldeani. Ilikuwa nyumba ya mawe iliyojengwa na mlowezi mmoja aliyelima kahawa wakati wa ukoloni. Sasa ilikuwa mali ya kijiji. Sebuleni watoto walisoma vitabu, na barazani wanawake waliwafundisha kusuka vikapu. Katika chumba cha nyuma yalitunzwa madaftari matatu yenye majina na kazi za vibarua wa shamba lile.

Msimamizi wa nyumba alikuwa Mwalimu Piusi, aliyestaafu zamani. Alimpa Felista, mwanafunzi wa darasa la sita, kazi moja: kurudisha madaftari kabatini na kufunga dirisha la chumba cha nyuma kabla ya kuondoka.

Jumamosi moja ya Aprili, rafiki yake Zulfa alimwita kutoka nje. "Felista, fanya haraka! Mama anatusubiri mnadani."

"Nakuja!" Felista alijibu, akatoka mbio. Jioni ile ilinyesha mvua kubwa.

Alilikumbuka dirisha siku iliyofuata, akiwa kanisani. Misa ilipokwisha, alikimbia hadi kwa Mwalimu Piusi kuomba ufunguo, akasema amesahau sweta. Mwalimu alimpa bila kumuuliza chochote.

Madaftari yalikuwa mezani chini ya dirisha lililo wazi, yamelowa chepechepe. Wino ulikuwa umeanza kusambaa, lakini majina bado yalisomeka. Felista aliwaza kwamba akisema, hataaminiwa tena. Alifunga dirisha, akapangusa maji sakafuni, akayaingiza madaftari katika kabati la chuma na kulifunga.

Wiki tatu zilipita. Barabara iliharibika kwa mvua, na hakuna mgeni aliyeomba kuyaona madaftari. Felista aliendelea kusuka kikapu barazani, lakini kila mtu alipopita karibu na chumba cha nyuma, alikosea kusuka.

Kisha Bibi Laurencia alifika kutoka Ganako, akitembea kwa fimbo.

"Shikamoo, Bibi," Felista alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kumwona baba yangu."

Mwalimu Piusi alielewa. Baba yake Bibi Laurencia, Amsi Gwandu, alikufa bintiye angali akibebwa mgongoni. Kaburi lake halikujulikana. Kila mwaka Bibi alikuja kuligusa jina lake daftarini, ingawa hakujua kusoma.

Mwalimu alifungua kabati. Harufu mbaya ikawapiga usoni. Kurasa zilikuwa zimegandana na kuota ukungu mweusi. Bibi Laurencia alinyoosha mkono, na kipande cha karatasi kikabaki vidoleni mwake kama tope. Hakulia. Alikaa chini sakafuni, na watu wawili walihitajika kumwinua.

Kamati ya kijiji ilimlaumu Mwalimu Piusi. "Kama tumeshindwa kutunza madaftari matatu, tutatunza nini?" mwenyekiti alisema. Ikapendekezwa nyumba ifungwe na kufanywa ghala la mbolea. Mwalimu aliweka funguo mezani, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata baraza lilikuwa tupu. Felista alirudi nyumbani akashindwa kula.

"Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Ni mimi, Mama," Felista alisema. Akaeleza yote.

Mama yake alimsikiliza hadi mwisho, mboga ikaungua jikoni. Kisha alisema, "Kesho kamati inakutana. Utakwenda kusema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Felista alisimama mbele ya wazee akasema kwa sauti iliyokatikakatika. Hakusaza hata uongo wa sweta. Wakati ule alikuwepo mtaalamu wa nyaraka kutoka Arusha, aliyeitwa kuyatazama madaftari.

"Ungesema siku ile ile, tungezitenganisha kurasa na kuzianika kivulini," mtaalamu alimwambia. "Karibu zote zingepona. Nimeokoa kurasa kumi na moja tu."

Jina la Amsi Gwandu halikuwa katika kurasa hizo.

Kamati ilimwomba radhi Mwalimu Piusi na kumrudishia funguo. Nyumba haikufungwa. Iliamuliwa kwamba wazee waje Jumamosi kutaja majina wanayoyakumbuka, na Felista ayaandike katika daftari jipya.

Bibi Laurencia alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Felista hakuweza kumtazama machoni.

"Nisamehe, Bibi."

"Andika," Bibi alisema. "Amsi Gwandu."

"Alifanya kazi gani shambani?"

"Sijui, mjukuu wangu. Mama hakuwahi kuniambia. Daftari ndilo lililokuwa linajua."

Felista aliweka kalamu chini, machozi yakamdondoka. Mwalimu Piusi alivuta kiti akaketi karibu naye.

"Dirisha ulilisahau," alimwambia taratibu. "Hata mimi husahau, na kwa hilo nisingekukasirikia. Lakini kabati hukulisahau. Ulilifunga ukijua kilichomo. Kosa likisemwa mapema, watu hukusaidia kulirekebisha. Ukilificha, linaendelea kuharibu hata wewe ukiwa umelala."

"Majina mengine hayatarudi, Mwalimu?"

"Hayatarudi. Ndiyo maana lazima tuyaandike haya yaliyobaki, na tuyaandike vizuri."

Felista alifuta macho, akachukua kalamu. Barazani wazee tisa walikuwa wakisubiri, na mkubwa wao alikuwa ameanza kusinzia.