Tundu la Kisu cha Babu Antipasi

Sogeeni, wajukuu zangu, niwategee. Nina jamaa mwenye jicho moja, lakini haoni. Hana jino hata moja, lakini nyama ya sherehe huionja kabla ya mwenye ng'ombe. Ni nani huyo? Namsikia mmoja anasema sindano. Sindano ya wapi hiyo inayoonja nyama? Kaeni nalo, mtalipata mbele.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, pale Kinyangiri, alikuwapo msichana wa darasa la sita aitwaye Marietha. Kila asubuhi alikuwa akichota maji, akifagia uwanja, kisha akipita dukani kwa mzee Pradeep kumwita rafiki yake Gita, binti wa mzee huyo. Walikwenda shule pamoja na kukaa dawati moja. Gita alikuwa hodari wa hesabu, Marietha hodari wa maneno.

Siku moja Mwalimu Samweli aliliambia darasa, "Nchi yetu bado changa. Kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Singida, wageni watatuuliza: ninyi ni nani? Sisi tutawajibu kwa kisu. Kwa kisu tunavuna, tunachinja, tunagawana. Kila mmoja alete kisu cha kwao. Ijumaa Afisa Utamaduni atachagua kimoja tu, na mwenye kisu hicho atakwenda nacho Singida."

Marietha hakuwahi kufika Singida hata mara moja. Moyo ulimruka.

Kesho yake visu vikapangwa mezani: vya kukatia mtama, vya kuchunia ngozi, vidogo vya kumenyea viazi. Cha Marietha kilivishinda vyote. Babu yake, mzee Antipasi mhunzi, alikifua kwa mkono wake. Kilikuwa kipana, cheusi, na karibu na mpini kilikuwa na tundu la mviringo. Haya, wewe uliyesema sindano, jicho umeliona?

"Hiki ni cha mawe ya kwetu!" Marietha akatamba. "Mababu waliyeyusha mawe wakapata chuma. Hamjaona mavi ya chuma, yale mabonge meusi shambani kwetu?"

Gita akatoa chake, chenye mpini mweupe.

"Cha dukani hicho!" mvulana mmoja, Marko, akapayuka. "Kwa akina Gita visu huzaliwa ndani ya karatasi! Wahindi wana utamaduni gani hapa Kinyangiri?"

Darasa likaangua kicheko. Gita akamtazama Marietha, akingojea neno. Marietha, ambaye hakukosa neno siku zote, akaogopa kwamba yeye pia atachekwa. Akacheka kidogo.

Gita akakirudisha kisu mkobani, akahamia dawati la nyuma.

"Nyamazeni!" Mwalimu akakemea. Akakiinua kisu cha Marietha. "Kizuri kweli. Lakini tundu hili ni la nini?"

"La kutundikia, Mwalimu," Marko akadakia.

"Mbona basi halipo mwishoni?"

"Nitamuuliza babu," Marietha akasema.

"Muulize. Mgeni hatakosa kuliuliza."

Alasiri Marietha alimkuta babu yake kwenye kibanda cha uhunzi, akinyoosha jembe la mtu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Mbona uso umekunjamana kama ngozi mbichi juani?"

Aliposikia habari ya tundu, mzee akacheka mpaka akakohoa. "Hilo sikulitoboa mimi. Nililikuta. Ni tundu la bolti. Kisu hicho kilikuwa bapa la springi ya lori."

Marietha akaketi chini. "Si mawe ya mababu?"

"Mawe aliyeyusha babu yangu. Nilipoanza kazi mimi, matanuri yalikwisha kuzimika, tunafua chuma chochote tunachopata. Basi mwaka wa njaa, lori la Pradeep likavunjika springi huko Mgori, limejaa mahindi ya kuleta huku. Akaja kwa miguu. Nikamfulia pingu ya kufungia ile springi, lori likafika, watu wakala. Baadaye akaniletea kipande kilichovunjika. Unajua nani alisukuma mivukuto ya kupulizia moto nilipokuwa nafua kisu hicho? Yeye mwenyewe! Kijana wa masharubu kama ya panya, jasho linamtiririka, anasema, 'Antipasi, moto wako mkali kuliko mama mkwe wangu!'"

Marietha hakucheka; akamweleza jinsi Gita alivyochekwa darasani. "Babu, nikiyasema hayo Ijumaa sitakwenda Singida. Watasema kisu si cha kwetu."

"Si cha kwetu kwa nini? Chuma chake, nyundo yangu. Harusi ya mama yako, nyama iligawanywa kwa kisu gani? Kama mnataka kitu ambacho mkono wa mwenzenu haukukigusa, pelekeni hayo mavi ya chuma!" Kisha mzee akatua nyundo. "Kusema usilolijua ni kama mpini uliolegea, mjukuu wangu. Utakata, utasifiwa, halafu kisu kitageuka kiganjani. Na hicho chako kimekwisha kumkata mtu. Humjui?"

Marietha alimjua.

Ijumaa akaja Afisa Utamaduni, mama mmoja aitwaye Ndugu Kristina. Alipita mezani taratibu, akakishika kisu cheusi, akakipima mkononi.

"Hiki ndicho," akamwambia Mwalimu. "Hiki kitakwenda Singida."

Darasa likapiga makofi. Ndipo kidole chake kikagusa lile tundu. "Binti, hili tundu ni la nini?"

"Sema la kutundikia," Marko akanong'ona. "Sema basi!"

Marietha akatazama nyuma. Gita alikuwa ameinamisha kichwa, akikwaruza dawati kwa ukucha. Marietha akaenda mpaka kwake, akamshika mkono.

"Niache," Gita akasema. "Unataka wanicheke tena?"

"Hapana. Leo wanicheke mimi."

Akamvuta hadi mbele, wakasimama mezani wote wawili.

"Ni la bolti, Ndugu Afisa. Habari ya mawe niliisema bila kuijua, na mwenzangu alipochekwa nilicheka. Kisu hiki kilikuwa springi ya lori la baba yake Gita. Babu yangu alipiga nyundo, baba yake akasukuma mivukuto. Kikienda Singida, twende nacho wawili. Kisipokwenda, ni chetu vilevile."