Kadi Aliyoibeba Mama

Kila siku baada ya masomo, Mutoni aliweka mkoba wake nyumbani, akamenya viazi vya jioni, kisha akakimbia hadi kwa Kimenyi. Kimenyi alikuwa fundi wa redio hapo Mbugangari, mtaa wao katika mji wa Gisenyi. Kibanda chake kilikuwa chembamba kama kabati, lakini nje alikuwa ametundika spika kubwa. Ilipofika saa kumi na moja alifungulia redio moja ya Goma, ng'ambo ya mpaka, ili mtaa mzima usikie kipindi cha salamu.

Kipindi hicho kilipendwa kuliko mpira. Watu walinunua kadi, wakaandika majina yao, majina ya wanaowasalimu na ujumbe mfupi, na mtangazaji Gentil akazisoma kwa sauti yake nzito. Waliosomwa mara kwa mara walijuana kuanzia Goma hadi milimani Mudende bila kuwahi kuonana. Walijipa majina ya redioni, wakajuliana hali, wakapongezana na hata kugombana, yote kupitia kadi.

Kwa watoto wa Mbugangari, kusomwa redioni ndiko kulikokuwa kuheshimika. Mbele ya kibanda kulikuwa na benchi moja. Aliyesomwa alipewa nafasi, asiyesomwa alisimama. Larissa, aliyesoma na Mutoni darasa la sita, alijiita Ua la Kivu, na alikuwa amesomwa mara nyingi hata wasichana wengine wakawa wanambebea mkoba. Zamani kidogo watoto walimsifu aliyejua hesabu au aliyekimbia kuliko wote. Mwaka huo wa 1999 waliulizana jambo moja tu: "Umesikika?"

Mutoni hakuwa amesikika hata mara moja. Mama yake, Vénantie, aliuza viazi sokoni Goma. Alivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, na ndiye aliyempelekea kadi zake kwenye sanduku la redio. Mama hakujua kusoma. Alizishika kadi kwa ncha za vidole ili asizichafue kwa udongo wa viazi, akazifunga katika kitambaa pamoja na karatasi yake ya kuvukia.

"Leo watakusoma tu," alimwambia kila mara, kwa Kiswahili cha Goma kilichozoeleka hata Mbugangari. "Kadi yako imeandikwa muzuri. Naona vile mistari imenyooka."

Hawakumsoma. Mutoni akaanza kusikiliza kwa makini zaidi. Aligundua kwamba kadi za watu walio salama zilisomwa mbiombio, au hazikusomwa kabisa. Lakini ilipokuja kadi ya majonzi, Gentil alishusha sauti, akasoma polepole na kupiga wimbo wa huzuni. Baada ya hapo watu walituma kadi wiki nzima kumfariji mwenye msiba.

Jumapili moja alasiri, Mutoni aliketi peke yake chumbani akaandika: "Mimi ni Mutoni wa Mbugangari, Gisenyi. Salamu zangu zimfikie marehemu mama yangu Vénantie, muuza viazi, aliyeniacha peke yangu. Mama, sasa nani atanisuka nywele?"

Kwenye neno "marehemu" mkono wake ulisita. Akajiambia kwamba kina Vénantie ni wengi, na kwamba hayo ni maneno ya redioni tu. Kesho yake asubuhi akampa mama kadi.

"Hii ni ndefu," Mama alisema akitabasamu. "Umesalimia nani leo?"

"Watu tu, Mama."

Mama akaifunga katika kitambaa, akajitwisha viazi vyake, akaondoka.

Jioni hiyo alirudi akitetemeka. Malaria ilimwangusha kitandani. Kesho yake hakuvuka mpaka, wala siku iliyofuata. Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo Mutoni ndiye aliyempa mama vidonge vya kituo cha afya na kumkanda kwa kitambaa chenye maji. Kila alipoitazama midomo ya mama iliyokauka, aliikumbuka kadi. Vipi kama yale maneno yangekuwa kweli? Alitamani kadi ile ipotee, ilowe, iliwe na panya.

Homa ilipopungua, Mama alimtuma sukari dukani. Mutoni alikuwa akipita mbele ya kibanda cha Kimenyi aliposikia jina lake likitoka kwenye spika. Gentil aliisoma kadi yote, polepole. Alipofika kwenye swali la nywele alishusha sauti zaidi, kana kwamba anameza machozi. Kisha wimbo ukaanza.

Watoto wote walikuwa wamemgeukia.

"Lakini mama yako iko nyumbani, mugonjwa," Larissa alisema. "Si nilimuona jana?"

Hapo Mutoni angeweza kusema kweli. Lakini macho yale yote yalikuwa juu yake, kwa mara ya kwanza, na hakuna hata moja lililokuwa likimcheka.

"Yule ni mlezi wangu," akasema. "Aliyenizaa alikufa."

"Na wote wawili wanaitwa Vénantie?"

"Ndiyo."

Larissa alisogea, na wengine wakasogea, Mutoni akapata nafasi kwenye benchi. Aliketi huku ameshika sukari ya mama mapajani. Uso ulimwaka moto. Hakungoja hata wimbo uishe. Aliinuka akaenda zake, na watoto wakadhani anakwenda kulia.

Kesho yake shuleni wasichana walimpa ndizi mbivu na kumshika mkono. Wakati wa mapumziko, Mukandayisenga alimwita nyuma ya darasa. Mukandayisenga alikuwa yatima kweli. Aliishi na bibi yake, hakuzungumza habari za wazazi wake, na watoto wenzake walikuwa wamejifunza kutomuuliza.

"Sikujua kama na wewe ni hivyo," alisema akitazama chini. "Mimi sura ya mama naikumbuka. Lakini sauti imepotea. Nikijaribu kuisikia usiku, haiji. Wewe bado unaisikia ya mama yako?"

Asubuhi hiyohiyo Mama alikuwa amemwita akitaka maji ya kunywa, akamwambia avae sweta kwa sababu kuna baridi.

"Naisikia," Mutoni alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi ishike sana," Mukandayisenga alisema. Akavunja hindi lake la kuchemsha, akampa nusu. Mutoni alilishika mkononi, akashindwa kulila.

Jumamosi Mama aliamka na nguvu zake. Alikuwa jikoni akikoroga maharage, huku Mutoni akifagia ua, waliposikia kilio barabarani. Kilikaribia, kikaingia langoni mwao. Mbele alikuwa Mama mkubwa Pulchérie, dada wa Mama aliyeishi Goma, amejifunga kitenge kiunoni na kitambaa kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wa sokoni, mmoja na beseni la unga, mwingine na mkeka, mwingine na kuni.

"Vénantie we! Mudogo wangu! Umeniacha na nani?"

Majirani walitoka mbio. Mama naye alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kilio kilikatika. Mwanamke wa beseni alipiga kelele akakimbilia nje ya lango. Pulchérie akaketi chini palepale udongoni.

"Uko muzima?" alinong'ona.

"Niko muzima. Nilikuwa na malaria tu. Kwa nini munalia kwangu?"

"Redio ilisema! Mutoto wako mwenyewe alituma kadi, na wewe hukuonekana soko siku zote hizi. Wote tulijua ni kweli. Mama yetu hajakula tangu juzi, Vénantie. Mutu muzee vile! Amelala amegeukia ukuta."

Mama aligeuka polepole.

"Mutoni. Ni ile kadi niliyopeleka mimi?"

Ufagio ulimwanguka Mutoni. Alitazama vidole vyake vya miguu. "Ndiyo, Mama."

"Mi mwenyewe niliibeba," Mama alisema. Hakupaza sauti. Alisema tena, kama mtu anayejieleza mwenyewe: "Niliifunga muzuri isichafuke."

Mutoni alitamani apigwe. Alitamani mama apige kelele, lolote lile, kuliko ule utulivu. Langoni watoto walikuwa wamejazana. Larissa alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kando yake alisimama Mukandayisenga. Alimtazama Mama, akamtazama Mutoni, kisha akageuka akaondoka.

Wageni walikuwa wamechoka na wana njaa, kwa hiyo Mama aliongeza maji kwenye maharage na kuwapikia. Wanawake wengine walianza kucheka kwa furaha. Mmoja alimbinya Mama mkono mara mbili kuhakikisha si kivuli. Lakini Pulchérie hakucheka.

"Nilivuka mupaka nikilia," alimwambia Mutoni, aliyekuwa akimmiminia maji ya kunawa. "Askari alinihurumia, akanipitisha mbele ya watu wote. Nikirudi nitamwambia nini? Kwamba mutoto wetu alikuwa anacheza?"

Mutoni alimmiminia kila mgeni maji, na kila mgeni alimtazama. Hakujua aibu inaweza kuwa na uzito kiasi kile. Birika lile dogo lilimshinda mikono.

Wageni walipoondoka, Mama alisema: "Uongo huu ulivuka mupaka kwa mikono yangu. Ukweli utauvusha wewe."

Jumatatu walikwenda Goma pamoja. Walipita kwanza kwa bibi, mama yao Vénantie na Pulchérie. Pulchérie alikuwa amekwisha kumwambia habari njema, lakini mzee hakuamini hadi alipoushika uso wa binti yake kwa mikono miwili na kuupapasa wote, paji hadi kidevu. Kisha akaomba uji. Mutoni alipiga magoti akaomba msamaha. Bibi akasema tu, "Usinifanyie tena, mutoto." Kule kusamehewa upesi kulimliza kuliko adhabu.

Redioni walimkuta Gentil. Alikuwa kijana mwembamba, mdogo kuliko sauti yake. Aliposikia kisa chote alivua kofia.

"Bon," alisema, akichanganya Kifaransa. "Mutoto amekosa sana. Lakini mi pia niko na kosa, Mama. Kadi ya mutu aliye salama naweka chini. Ile ya kilio naweka juu, kwa sababu watu wanaipenda. Watoto wanaona vile tunafanya, donc wanatuandikia kilio."

Alimketisha Mutoni mbele ya kipaza sauti. Mama alisimama nyuma yake. Mutoni alijua kwamba saa hiyo mtaa wote uko kwa Kimenyi, na soko lote linasikiliza. Akaanza.

"Mimi ni Mutoni wa Mbugangari. Mama yangu Vénantie yuko hai. Ndiye aliyenizaa, na ndiye aliyenilea. Nilidanganya kwa sababu nilitaka nisikike. Naomba msamaha kwa mama, kwa bibi, kwa wote waliolia, na kwa..." Akavuta pumzi. "Na kwa kila mtoto ambaye mama yake hayupo kweli."

Gentil hakupiga wimbo wa huzuni. Alichukua kadi zilizokuwa chini kabisa akaanza kuzisoma: mtu wa Nyakiriba anawasalimu wazazi wake, wote wazima, mavuno mazuri.

Shuleni hakukuwa na ndizi tena. Wavulana walimwita Marehemu kwa siku nyingi. Alimfuata Mukandayisenga nyuma ya darasa.

"Uliniambia kweli, na mimi nikakudanganya," alisema. "Nisamehe."

"Nilikuambia kitu ambacho hata bibi hakijui," Mukandayisenga alijibu.

"Sitamwambia mtu."

"Najua. Lakini usikae na mimi kwanza."

Mutoni alikubali. Hakumsumbua, hakumtumia mtu wa kumbembeleza. Kila walipokutana alimsalimu, akajibiwa au asijibiwe, akapita. Wiki zilipita hivyo. Kisha asubuhi moja, kwenye bomba la maji, Mukandayisenga alimwita kwa jina lake. "Mutoni, bibi anaumwa mgongo. Njoo unisaidie kubeba dumu." Walibeba wakipokezana hadi nyumbani kwa bibi, wakizungumza mambo ya mtihani tu. Mutoni alirudi nyumbani ameloa bega, akamsimulia Mama.

Mama alikuwa akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Kutaka watu wakujue si kosa," alisema. "Hata mi sokoni nafurahi mutu akiniita kwa jina. Lakini wale wa redioni walikujua wimbo mumoja tu, halafu wakangoja kadi ingine. Sisi tunakujua ukiamka na ukilala. Ulituacha sisi ili wao wakutazame. Ukiona unataka kusifiwa, jiulize kwanza: nani atalia kwa sababu ya sifa hii? Kama yuko hata mumoja, iache."

"Nimekuelewa, Mama."

"Na yule Mukandayisenga, si kwa sababu ulisema muzuri kwa redio ndiyo alikusamehe. Alikuangalia siku zote hizi, pasipo mutu mwingine kuangalia. Heshima ya kweli inakuja hivyo, polepole." Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Sasa kaa hapa mbele yangu nikusuke. Kichwa chako kimekuwa kama kichaka."

Mutoni aliketi chini, mgongo kwenye magoti ya mama, akafumba macho akisikiliza sauti yake.