Chafya Katika Jumba la Subukia

Jumba la mawe la Subukia lilianza kunuka chokaa mbichi. Ala! Jumba lililojengwa zamani hivyo litanukaje chokaa mbichi? Jepkoech alipapasa ukuta wa jikoni kwa kiganja, akaukuta mkavu kabisa. Harufu ikazidi.

Mzungu mwenye jumba alikuwa amekimbilia Nairobi kwa sababu ya Hali ya Hatari ya vita vya kupigania uhuru, akamwachia mpishi wake Kiprugut funguo zote. Kiprugut naye akamhamishia mkewe Jepkoech kule jikoni, maana alikuwa mjamzito na kibanda chao kilikuwa kinavuja. Jepkoech alikuwa amezika watoto wawili. Huyu wa tatu alimtaka mpaka akaogopa kucheka kwa nguvu, asije akamshtua tumboni.

Kisha mchana mmoja, jua likiwaka, ukuta ukagonga. Ko, ko. Kimya. Ko.

"Baba, kuna fundi humu ndani?" Jepkoech akamwuliza mumewe.

"Ni panya."

"Panya wa nyundo?"

Kiprugut akatazama nyuma yake kwanza. "Sema polepole. Wakati jumba linajengwa, ukuta huu ulimwangukia fundi wa mawe, anaitwa Kibiego. Bwana akasema kumfukua ni kupoteza kazi. Wakajenga juu yake."

"Na wewe ukanileta nizalie juu ya mtu!"

Kiprugut akatoka kwenda kupasua kuni. Watu wa pwani wangesema hilo ni jini. Huku wanasema ni mtu aliyekufa ambaye hakuna aliyemwita arudi nyumbani, na mimi naona hilo ni baya zaidi.

Mtoto akazaliwa salama, mwanamume, mwenye mapafu ya kweli. Mama yake Kiprugut, bibi Chepchirchir, akaja na kopo lake la ugoro kumtafutia jina. Kwao jina haliokotwi tu. Wanawake huwataja wazee wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja, huku mtoto ananusishwa ugoro, na akipiga chafya, basi aliyetajwa ndiye aliyerudi. Chafya ikishatoka, hairudiwi.

"Mama, twende tukafanyie kibandani," Jepkoech akaomba.

"Kwenye matope yale? Mzee gani mwenye heshima zake atarudi matopeni?" Bibi akacheka, akafungua kopo.

Kiprugut akasimama mlangoni, mahali ambapo siku hiyo mwanamume hana kazi. Bibi akamtaja babu. Mtoto kimya. Akamtaja ndugu ya babu, akamtaja yule aliyeliwa na simba, kimya, mtoto amekodoa macho tu. Chokaa ikanuka mpaka macho yakawawasha, na ukuta wa mbali ukaanza, ko, ko, kimya, ko, halafu ukuta wa pili, halafu ule wa dirishani, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango kwa kupapasa, mpaka mgongo wa Jepkoech, uliokuwa umeegemea mawe, ukausikia mgongo wa pili ukiuegemea kutoka upande wa ndani, naye akambana mtoto kifuani, na bibi akaendelea kutaja majina haraka haraka, ugoro ukimwagika vidoleni, na Kiprugut pale mlangoni uvumilivu ukamwisha, akapaza sauti:

"Kibiego, tuache, tafadhali!"

Mtoto akapiga chafya.

Ukuta ukanyamaza. Kopo likamponyoka bibi.

"Nani amekuambia ufungue mdomo?" akanong'ona. "Mwanangu, umefanya nini?"

"Mama, taja tena. Mtaje babu," Kiprugut akasihi.

"Hairudiwi. Ameitwa, ameitika."

Woi, Jepkoech! Alilia mpaka blanketi likalowa, lakini bibi aliponyoosha mikono ampokee mtoto, alikataa. "Ni wangu," akasema. "Hata kama amekuja nani, mimi ndiye nimemzaa." Jioni hiyo hiyo wakafunga mizigo, wakaenda kwa ndugu wa Kiprugut kule Mau Narok.

Wanaokaa katika jumba lile sasa wanalisifu. Nyumba tulivu, wanasema, unalala kama umekufa. Na ni kweli, kuta hazigongi tena. Zigonge kwa nini? Kule Mau Narok kitoto kisichojua hata kutambaa kimeshika kijiko, kinapiga kigoda. Ko, ko. Kimya. Ko. Jepkoech anakibeba, anakibusu utosini kama mama yeyote, na kila mara ananusa chokaa mbichi.