Aliyeshika Usukani wa Nyuma

Asubuhi za Kharumwa, kabla jua halijapata nguvu, ukungu hulala juu ya mashamba ya pamba na mtu hawezi kujua kama ameamka au bado anaota. Mimi Eufrasia nauza uji chini ya mteremko wa barabara iendayo machimboni. Kwa miaka mingi kitu nilichokiona kikitokea ukunguni kilikuwa hiki: gari moja linavuta jingine, taratibu, kamba imenyooka katikati yao. Mbele yupo Ngassa, nyuma yupo mkewe Philomena.

Ndugu zangu, mnajua wenyewe kazi hiyo. Gari likifia machimboni huvutwa hadi mjini kwa fundi, na lile bovu lazima liwe na mtu wa kushika usukani na kukanyaga breki. Wengine humpandisha utingo yeyote aliye karibu. Ngassa alimpandisha mke wake, na watu walicheka mwanzoni, kisha wakazoea.

Pikapu yao ilikuwa ya dizeli, ya zamani, nzito, umri wake na wa ndoa yao karibu sawa. Haikuwa na mbio. Ikiunguruma, bakuli zangu zilitetemeka mezani.

"Mwangaluka, dada," Philomena alikuwa akiniamkia kwa Kisukuma akishuka kupata uji.

"Mwangaluka, Mama Blessing. Hivi huogopi kukaa kwenye gari lisilo na injini?"

"Niogope nini? Baba Blessing akitaka kuongeza mwendo, moshi unakuwa mweusi kwanza. Akishusha gia, injini inakoroma, nami nakanyaga breki kabla kamba haijalegea. Tunaongea hivyo njia nzima."

Niliwatazama wakiondoka na moyo ukawa mwepesi. Wapo wanandoa wanaolala kitanda kimoja wasielewane hivyo. Nawajua, na wao wanajijua.

Sasa nije kwenye kijiwe. Pale dukani kwa Salmini, muuza vipuri, wanaume hukaa tangu saa nne kubishana. Dizeli ya zamani au ya kisasa? Petroli au dizeli? Mmoja anasema dizeli ya zamani inavuta tangu injini iko chini chini, haina haja ya kupiga kelele. Mwingine anasema dizeli za kisasa zina tabo, ile ya kusukuma hewa kwenye injini, na zinazishinda zote. Yupo na wa kujibu kwamba hizo ukizinywesha mafuta ya kwenye madumu ya huku kwetu, yaliyochanganywa na mafuta ya taa, nozeli za kupuliza mafuta zinakufa mara moja. Salmini alikuwa upande wa petroli, gari jepesi lenye mbio. Ubishi wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ulianza walipomgeukia mtu.

"Ngassa," Salmini alisema, "gari lako likipita sisi tunaziba pua. Mwanaume mzima unavuta magari kwa jiko la kuni?"

Wakacheka. Ngassa aliweza kuvumilia jua, njaa na matope, lakini kicheko cha kijiweni kilimkaa kooni. Wiki hiyohiyo Philomena alikwenda msibani Buseresere. Aliporudi akakuta pikapu haipo. Mahali pake palikuwa na nyingine, nyeupe, ya petroli, otomatiki, na zizini ng'ombe wanne walikuwa wamepungua. Hakuulizwa. Ng'ombe wale aliwafuga yeye.

Na mimi sina ugomvi na gari jipya, msinielewe vibaya. Lilikuwa zuri kweli. Lilipita mbele ya meza yangu bila kutikisa hata kijiko, nikabaki nimeshika upawa, nadhani nimesinzia.

Philomena alilizunguka mara mbili, kisha akasema jambo ambalo nalikumbuka hadi leo.

"Baba Blessing, hili halisikiki. Nitajuaje unataka kufanya nini?"

"Utaona taa za breki."

"Taa inaniambia umeshakanyaga. Mimi nataka kujua kabla."

"Utazoea."

"Basi tutumie chuma badala ya kamba. Chuma hakilegei."

"Chuma ni cha watu wasioamini gari lao," Ngassa akajibu, na sauti ile haikuwa yake, ilikuwa ya kijiweni.

Siku ya siku ikafika. Lori dogo la Edward, mchimbaji mmoja, lilikufa injini huko machimboni likiwa limejaa viroba vya mawe ya dhahabu. Desturi ya Ngassa ilikuwa kushusha mzigo kwanza, avute gari tupu. Safari hii Salmini na wenzake walikuwa wamekuja kusimama juu ya kilima waone, kwa hiyo hakushusha hata kiroba kimoja. Philomena alisema mara moja tu, "Tushushe." Ngassa akaendelea kufunga kamba, naye akapanda kwenye lori.

Kupanda kilima, nisiwaongopee, lile gari lilivuta. Lilinguruma kwa hasira, likapita, kijiwe kikapiga makofi. Kumbe kupanda si kazi yote. Mzigo ukishafika juu nao huwa na safari yake ya kushuka, na gari jepesi lililoachiwa gia lijichagulie lenyewe halina cha kuuzuia.

Niliwaona wakianza kuteremka kuelekea kwangu. Ilikuwa saa tano, jua limetulia, vipepeo wengi kwenye pamba. Sijui niwaelezeje. Kila kitu kilikwenda polepole, kama ndotoni mtu anapotaka kukimbia na miguu haitaki. Ngassa alipunguza mwendo mbele kwa sababu ya shimo. Kamba ikalegea, ikalala vumbini. Lori likaendelea kuja. Gari lililozimika injini breki yake ni ngumu, na niliuona uso wa Philomena kiooni, amesimama juu ya ile breki kwa miguu yote miwili. Kati ya lori na kichwa cha mumewe zilibaki hatua chache tu.

Angeweza kumgonga. Tani zile zingemponda Ngassa ndani ya gari lake jipya, na yeye pengine angetoka salama. Philomena alikata kona kushoto, kwenye pamba. Kamba ikakatika. Lori likalala ubavu, viroba vikapasuka, vumbi likapanda juu na kukaa hewani muda mrefu sana. Niliacha sufuria motoni nikakimbia.

Philomena alinusurika. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Nilimpelekea uji hospitali kila siku, na siku moja nikamkuta Ngassa kakaa kando ya kitanda, kakonda, hajanyoa. Alikuwa na swali ambalo naona lilimnyima usingizi.

"Mama Blessing, lori lile lilikuwa na betri. Kwa nini hukupiga honi? Ningesikia, ningekimbiza gari mbele."

Philomena alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza mimi.

"Nilipiga, Baba Blessing. Nilipiga tangu juu kilimani mpaka nilipokata kona. Mkono wangu haukutoka kwenye honi." Hata mimi niliisikia kule mezani kwangu. Akaongeza: "Ulikuwa umefunga vioo. Na redio ilikuwa inaimba."

Ngassa akainamisha kichwa kwenye shuka. Nilimimina uji, hakuna aliyeunywa.

Funzo

Wazazi wangu, ndugu zangu, msiondoke hapa mkisema Eufrasia kasema gari la zamani ni bora. Dizeli kuukuu ina nguvu yake na uzito wake, ya kisasa ina yake, petroli nayo ina kazi yake. Mkitaka kuvuta mzigo, pimeni uzito wa gari na wa mzigo, shusheni viroba, fungeni chuma, na mfikirie mteremko kabla ya kilima. Hayo fundi yeyote atawaambia.

Ninalowaambia mimi ni hili. Anayejua gari linavutaje ni yule aliyekaa nyuma, na katika nyumba zetu nyingi yule wa nyuma haulizwi. Tunauza ng'ombe zake akiwa msibani. Tunanunua vitu ili kijiwe kituheshimu, na siku ya ajali kijiwe hakipo garini. Salmini bado anauza vipuri, miguu yake yote miwili mizima, na ubishi unaendelea.

Nawasihi mnaoendesha mbele, fungueni vioo. Kuna mtu anapiga honi huko nyuma, na anaweza kuchagua kukata kona ili ninyi mpone.