Mkate Uliotembea Mferejini

Jumamosi hiyo Wioletta na bintiye Kinga walikwenda mji wa Augustów kutembea tu, kama wafanyavyo watu wa jijini kwao Białystok wakichoshwa na wiki. Walikula samaki wa kukaanga, wakatazama mashua zikipandishwa kwenye malango ya maji ya mfereji, kisha wakashika njia ya msituni kando ya mfereji. Kinga, msichana wa miaka kumi na tisa, alitaka kufika lango la pili.

"Mama, kaa hapa upumzishe magoti. Nusu saa tu, nimerudi."

"Nusu saa yako naijua mimi," Wioletta akacheka.

Ukungu ukashuka. Kinga hakurudi.

Siku tatu wapiga mbizi waliupekua mfereji, wakaibuka na baiskeli na matairi. Simu ya Kinga haikupatikana. Wioletta alilala garini, hakula, hakuoga, sauti ikamkauka kwa kuita. Siku ya nne wapiga mbizi wakafungasha virago, naye akamwendea Zenobiusz, mzee anayefungua malango kwa mkono.

"Mzee wangu, nipe hata mwili wake. Nimzike. Sitaki kingine."

Mzee alijua anachoombwa. Kumtafuta aliyezama, wazee wa huko huweka mkate mweusi uelee majini, umechomekwa gromnica, mshumaa unaobarikiwa kanisani mwezi wa pili na kushikishwa mtu anayekata roho. Mkate husimama pale alipozama marehemu.

"Una hakika amekufa, mama?" mzee alinong'ona, mkate na mshumaa mkononi. "Mshumaa huu hauwashiwi mzima. Ukishawaka, lazima upate mtu wake."

"Siku nne, mzee! Una roho gani wewe?"

Wioletta akampokonya kiberiti, akauwasha mshumaa mwenyewe na kuuweka mkate majini.

Ilikuwa saa tisa mchana. Malango yamefungwa, maji yametulia tuli, hakuna upepo. Mkate ukaondoka. Ukaenda taratibu katikati ya mfereji, nao wakaufuata kwa miguu ukingoni.

Simu ikalia. Namba ngeni.

"Mama? Ni mimi. Niliteguka mguu nikapotea, nikajibanza kwenye kibanda cha wawindaji, betri ikafa. Mlinzi wa msitu amenikuta mchana huu. Niko kwake, kitandani, ananipashia supu. Usilie basi, Mama."

Wioletta alipiga magoti kwenye matope, akalia na kucheka kwa pamoja. Mungu wangu, yu hai! Kisha akauona uso wa mzee.

"Uzime," Zenobiusz alinong'ona. "Uzime sasa hivi."

Alimtupia mzee simu, akajirusha majini na nguo zake. Maji yalimfika kifuani. Akaunyooshea mkate mkono. Ukateleza mbele. Akaurushia maji. Mwali haukutikisika hata kidogo.

Sauti ya Kinga ikasikika kutoka mkononi mwa mzee.

"Eh, Mama! Umefikaje upesi hivi?"

Wioletta akaigeukia simu.

"Mbona umelowa? Mama, mbona hunijibu?"

"Kinga, si mimi! Toka humo! Toka!"

"Mama, mikono yako ya baridi..."

Kisha mlio wa maji, yakibubujika simuni. Kisha kimya.

Mkate ukasimama. Mshumaa ukazimika wenyewe.

Mlinzi wa msitu alirudi na bakuli la supu, akamkuta Kinga amelala chali, amekufa, nywele kavu, shuka kavu. Nyumba ya mlinzi iko kilomita saba kutoka mferejini. Baadaye daktari alikuta mapafu yamejaa maji ya kijani na magugu. Alishindwa cha kuandika kuwa sababu ya kifo, akaandika moyo.

Wioletta alifika kabla giza halijaingia. Sakafuni kulikuwa na nyayo mbichi za miguu mitupu, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Za kurudi hazikuwepo.

"Nimezipiga deki mara tatu," mlinzi alisema kwa sauti ya chini. "Zinarudi."

Wioletta alivua kiatu chake kilicholowa, akaweka mguu juu ya unyayo wa mwisho, ule wa karibu na mto wa kulalia.

Ulimwenea sawasawa.