Baraka ya Baba Aliyelala Kifudifudi

Kila asubuhi, kule Mwika, Yuditha alimkatia ng'ombe majani, kisha akampelekea baba yake mtori mwepesi, supu ya ndizi ya kunywa kwa mrija. Alipofika kitandani alikiamkia kisogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu kutoka ukingoni mwa godoro.

Baba huyo, Anaeli, alilala kifudifudi, uso ukitokeza nje ya godoro na kuelekea sakafuni. Tawi la mti wa kahawa lilikuwa limemchapa jichoni, naye kwa ukaidi wake wa kukwepa hospitali akangoja mpaka giza likamfunika jicho kama pazia. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imebanduka na kujikunja. Daktari wa Moshi aliirudisha, akajaza jicho mafuta ya silikoni ili yaikandamize mahali pake. Mafuta hayo huelea juu. Ndiyo maana mgonjwa aliamriwa kutazama chini mchana na usiku.

Yuditha aliyajua hayo yote, lakini moyo wake haukusikia. Alitamani mno kutazamwa na baba yake.

Jumapili ya kipaimara ikafika. Kwao mtoto hakutoka kwenda kanisani siku hiyo kabla baba hajamtazama usoni na kumbariki. Yuditha alisimama mlangoni na gauni lake jeupe.

"Baba, niangalie. Kidogo tu."

Anaeli naye alikuwa na hamu ileile. Akajiinua kwa viwiko, shingo ikaanza kupanda.

"Baba Yuditha!" mama alimaka. "Unataka upasuaji wote upotee bure? Lala!"

Akalala. Mabega yakamtikisika. Yuditha aliona aibu. Nusura ampofushe baba yake kwa kumpenda!

Akatazama sakafu. Akachukua kanga ya mama, akaitandika chini ya uso wa baba, kisha akajilaza chali juu ya kanga hiyo na gauni lake lote.

Jicho la Anaeli lisiloumia likamwona. Chozi likamdondokea Yuditha shavuni.

"Kumbe umekua hivi," baba alinong'ona, akamwekea mkono kwenye paji. "Mungu akubariki, mwanangu."

Retina ilishika, daktari alithibitisha hayo kliniki iliyofuata. Lakini somo mama alilitoa asubuhi ileile, huku akijifuta macho.

"Kumpenda mgonjwa, Yuditha, ni kumsaidia afuate masharti ya daktari, hata yale yanayotuuma sisi. Haya, inuka, kengele imelia."

"Mwache kidogo, mama Yuditha," alisema Anaeli. "Bado namtazama."