Aliyelala Upande wa Atang

Ilianza na mto wa kulalia. Mto wa Atang ulikuwa umebonyea katikati kama mtu ameinua kichwa sasa hivi, na Atang mwenyewe alikuwa hajaulalia mto huo mwezi mzima na siku tisa. Mkewe Peiju, mwenye mimba ya miezi mitano, aliamka kutoka usingizi wa mchana akaupapasa. Ulikuwa wa moto. Na usiseme jua, maana dirisha la chumba kile linatazamana na ukuta wa jirani. Ulikuwa moto wa shavu la mtu.

Akaupiga piga mpaka ukajaa, akashuka ngazi kwenda kufunga chupa za mchuzi wa soya.

Ngoja niwaambie hawa ni akina nani, msije mkadhani natunga. Mimi tangu nizaliwe hapa Xiluo nimedanganya mara mbili tu, na mara zote nilikuwa naposa. Akina Liao wako mlango wa pili kutoka kwangu. Uani kwao kuna mitungi mia mbili na arobaini ya soya, imepangwa juani, na harufu yake inaweza kumwamsha maiti akaulizia wali uko wapi. Mwenye mitungi ni Atang, mtoto pekee wa Mama Liao, jitu kubwa linalobeba mtungi uliojaa kama mimi ninavyobeba kikombe. Mkono wake wa kulia una vidole vinne. Kile kidogo kilikatwa na mashine ya kufungia chupa alipokuwa kijana.

Sasa mapenzi yao. Hapa kwetu mchana kila mtu hulala. Maduka yanafungwa, hata mbwa wanajilaza katikati ya barabara na magari yanawazunguka. Miaka minne tangu Peiju aolewe, chumba kimoja tu mtaa mzima kilikuwa hakilali mchana, na wote tulikuwa tunajua ni kipi. Tulifungulia redio si kwa ajili ya habari. Paa lao lilisogea upana wa vidole vitatu, nimelipima mwenyewe.

Halafu mimba ikaingia, na Mama Liao akatoa amri. Nyumba yenye mimba ina roho ya mtoto inayotembea, leo iko mlangoni, kesho iko jikoni, na sanasana hukaa kitandani. Kwa hiyo kitanda kisisogezwe hata kidogo, roho isije ikaumia. Msumari usigongwe, mkasi usishikwe chumbani. Na mwanamume ashuke chini akalale na mitungi mpaka mtoto azaliwe. Mama Liao hakuwa mkorofi, mjue hilo; kabla ya Atang alipoteza mtoto mmoja tumboni, na miaka thelathini na tano alikuwa anajilaumu kwa mchana mmoja tu ambao hakumfukuza marehemu mumewe kitandani.

Daktari alisema vingine. Aliwaambia wote wawili, waziwazi, kwamba mimba ni nzima na mambo yao ya chumbani yaendelee kama kawaida, na Atang akawa mwekundu mpaka nesi akamletea maji. Peiju alirudi nyumbani anacheka. Atang alirudi anamuwaza yule mtoto ambaye mama yake alimpoteza. Tangu siku hiyo hakumgusa mkewe hata bega. Akimpa bakuli la supu analiweka mezani kwanza, halafu anarudi nyuma hatua mbili.

Peiju mwanzoni alicheka, kisha akanuna, kisha akaingiwa na wivu, na sijaona wivu kama ule. Aliionea wivu mitungi. Kila asubuhi Atang hupita uani akiweka kiganja kwenye tumbo la kila mtungi kusikia joto lake, mia mbili na arobaini, mmoja baada ya mwingine, taratibu, huku mkewe amesimama dirishani juu na tumbo lake moja ambalo halijaguswa na mtu.

Basi hapo ndipo mto ulipoanza kubonyea.

Kufika mwezi wa sita, Peiju akabadilika. Alinenepa mashavu. Alianza kuimba akifunga chupa. Nywele ziling'aa, na shingoni alikuwa na harufu ya chai, chai ya zamani iliyolala kwenye birika, wakati huyu mwanamke hanywi chai kabisa. Saa sita ikigonga anaacha kazi yoyote iliyo mkononi na kupanda ngazi haraka, na yeye mzito vile. Mwanamke aliyekuwa anamwomba mumewe kila siku apande naye, sasa hamwombi tena. Hata hamtazami.

Zamu ya wivu ikawa ya Atang.

Alimshuku muuza tambi. Alimshuku mleta chupa, ambaye ana miaka sabini na goti bovu. Akanishuku na mimi, na hapo simlaumu, kwa sura hii niliyojaliwa. Mchana mmoja alinijia akasimama mlangoni kwangu, akauliza kwa sauti ya chini kama nimemwona mtu akiingia kwao. Nikamwambia mlango wenu wa mbele unalia kama nguruwe, akiingia panya mtaa mzima tunaamka. Hajaingia mtu. Uso wake ukazidi kuwa mbaya, maana mtu ambaye hajaingia ni mbaya kuliko aliyeingia.

Kesho yake hakulala. Alikaa kwenye machela yake kati ya mitungi, mchana ule wa joto ambao hata inzi walikuwa wanatembea kwa miguu, akasikia mbao za kitanda juu zikilia mara moja, kule upande wake, upande wa ukutani. Akasikia mtu akikohoa. Atang ana kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu, cha vumbi la maharage, tunakijua wote. Alikuwa amekaa chini mdomo umefungwa, na kikohozi chake kikakohoa juu.

Akavua kandambili, akapanda ngazi peku, ngazi kumi na moja anazozijua tangu utoto na siku ile akazihesabu kama ishirini, huku harufu ya chai iliyolala ikimjia puani na kuzidi kila alipoinua mguu, mpaka akafika mlangoni, akasukuma pazia kwa kidole kimoja, akamwona mkewe amelala ubavu amefumba macho na anatabasamu, na nyuma yake, kifua kwa mgongo, amelala mwanamume mwenye mabega mapana na fulana ya kijivu yenye tobo la kwapani, fulana ileile aliyokuwa ameivaa yeye pale mlangoni, na mwanamume yule akainua kichwa polepole kutoka kwenye mto na kumgeuzia uso, ukawa uso wake yeye Atang, kovu la kidevuni, nyusi, kila kitu, isipokuwa ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba usingizi na asiyeogopa kitu chochote duniani. Ukamtazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpita njia. Kisha ukarudi kwenye mto.

Atang alirudi nyuma, akashuka, akatoka mpaka barabarani na kukaa katikati na mbwa.

Jioni ileile Atang alimsimulia mama yake, na Mama Liao akachukua blauzi ya Peiju, akamburuta kijana kwa Bibi Ahsiam, yule mganga wa nyuma ya soko la mboga, anayetuliza watoto waliostuka. Dawa yake ni bakuli la mchele limefunikwa kwa nguo ya mgonjwa. Aliizungusha blauzi ya Peiju, akanong'ona yake, akafunua. Mchele wote ulikuwa umelala sawa, ila pembeni kulikuwa na shimo refu lililojikunja. Lilikuwa umbo la mtu aliyelala ubavu.

Bibi akalitazama, akamtazama Atang. Akamuuliza ametoa sadaka gani kitandani.

Atang akabanwa mpaka akasema. Mwezi wa tano wa mimba, mama yake alipokwenda hekaluni, alipanda chumbani peke yake na wali wa kuku, akamwekea Bibi wa Kitanda kikombe cha divai, na mumewe Bwana wa Kitanda kikombe cha chai, wale miungu wawili wanaolinda kitanda na watoto. Akaviinua mara tatu. Akapiga magoti mpaka udi ukaisha wote. Mama Liao aliposikia hivyo akashika ukuta, kwa sababu kila mwanamke wa hapa anajua sadaka ya kitanda ni ya mbio mbio, unawasha, unachoma karatasi za sadaka, unaondoka. Vikombe haviinuliwi, na hao wa kitandani hawabembelezwi, maana ukiwakalisha kama wageni hawaondoki.

"Uliomba nini?" akauliza Bibi Ahsiam.

"Niliomba wanishikie nafasi yangu," alisema Atang. "Mpaka mtoto atoke."

Bibi akacheka kicheko kikavu. Akaeleza kwamba Bibi wa Kitanda hupewa wali na divai kila nyumba, anabembelezwa na kina mama wote. Mumewe ni nani anayemkumbuka? Miaka na miaka hakuna aliyempa hata maji, amekaa chini ya godoro anawaonea wivu waume za watu. Halafu anakuja mwanamume mzima, anampigia magoti, anamwinulia chai mara tatu na kumwambia shika nafasi yangu. Ameishika.

Mama Liao akauliza wakivunje kitanda? Haiwezekani, mimba. Wagonge misumari ya hirizi? Mimba. Wapige ngoma, wapunge upanga, wamwage maji ya moto? Mimba, mimba, mimba. Jini lilikuwa limejificha mahali ambapo silaha zote ni haramu.

"Maji ya uzazi yakimkuta yeye ndiye amelala pale," Bibi akasema, na sasa hakuwa anacheka, "mtoto atamjua yeye kuwa baba. Na mkeo hatashuka tena zile ngazi kwa ajili yako. Nafasi ni yako. Karudi ukailalie."

Mama Liao akaanza kusema habari za yule mtoto aliyempoteza. Bibi akamshika mkono, akamwambia taratibu, "Dada, mumeo hakumuua. Mwache kijana apande."

Mchana wa kesho yake, kabla ya saa sita, Atang alijilaza upande wake wa ukutani. Alijibana ubaoni kama mtu anayelala kando ya jiko la moto. Peiju akapanda, akamkuta, akasimama. Akaketi ukingoni, mgongo kwake.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna." Halafu akasema, "Mke wangu, anayekuja hapa si mimi."

Peiju akaitazama feni inavyozunguka.

"Najua," akasema. "Siku ya kwanza aliponiwekea mkono tumboni nilihesabu vidole. Vitano."

Atang, jitu lile linalobeba mitungi, alihisi kitu kimemkata kuliko ile mashine.

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Wewe ulikuwa unanikimbia kama mtungi wa gesi unaovuja. Yeye hakuniogopa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilifumba macho nikajiambia ni wewe. Kila siku nilijiambia."

Saa sita ikagonga. Harufu ya chai ikaingia, nzito, ya birika lililosahaulika wiki nzima, na godoro nyuma ya Atang, pale ambapo hapakuwa na nafasi hata ya paka kati yake na ukuta, likabonyea, likabonyea tena, na kifua cha moto kikamgusa mgongoni, goti likaingia nyuma ya goti lake, pumzi ikamwangukia shingoni, kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu, kikakohoa ndani ya sikio lake, kisha mkono mrefu wenye vidole vyote ukapita juu ya ubavu wake, taratibu, bila haraka, kama mkono unaojua njia, ukinyooka kuelekea tumbo la mkewe, na mifupa yote ya Atang ikamwambia aruke, ashuke, akimbilie kwenye mitungi yake.

Hakuruka. Aliuwahi mkono ule. Akaweka kiganja chake chenye vidole vinne juu ya tumbo la Peiju, kwa uzito wote, kama anavyoweka kwenye soya, na mtoto akampiga teke kubwa katikati ya kiganja.

"Mimi hapa," akasema. "Naogopa, lakini ni mimi."

Peiju akashusha mkono wake, akaanza kuhesabu. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Alipofika pale pasipo na kidole akalia, akageuka, tumbo na yote, akamkumbatia mumewe. Yaliyofuata mimi sikuwemo chumbani. Najua tu kwamba baada ya miezi miwili ya ukimya, mtaa mzima tulifungulia redio, na yule muuza tambi aliifungulia mpaka betri zikafa.

Kitu kile nyuma ya Atang kilikaa muda. Kisha godoro likainuka polepole, upande wa ukutani ukabaki na baridi tu, na harufu ya chai ikashuka ngazi, moja moja, mpaka chini.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi wa mimba kwa hesabu zetu za hapa, msichana, mnene, mwenye sauti ya muuza samaki. Kama watoto wetu wote alitoka na alama ya bluu matakoni. Tunasema ni Bibi wa Kitanda humpiga alama mtoto ili amjue. Mama Liao akaiona, akashukuru, akaanza kumkanda kwa mafuta, na alipomgeuza akaiweka chini chupa ya mafuta.

Kulikuwa na alama nyingine mgongoni, juu kidogo, ya bluu iliyokolea. Kiganja.

Walimwita Atang. Alicheka kwa aibu, akasema huo ni mkono wake wa siku ile, si aliuweka kwa nguvu? Akaweka kiganja chake juu ya mgongo wa mwanawe apime. Upana ukakaa. Kidole gumba kikakaa, cha shahada kikakaa, vyote vinne vikafunika sawasawa.

Pembeni ya mkono wake, kwenye ngozi laini ya mtoto, kidole kidogo kikabaki nje.